Kuazima na Kurudisha: Istilahi za Muunganisho wa Hifadhidata na Msamiati wa Njia ya Misafara ya Tabora

1.0 Utangulizi

Katika Manispaa ya Tabora kuna kata iitwayo Mtendeni. Jina hilo limeundwa kwa neno mtende na kiambishi cha mahali -ni, nalo linapatikana pia katika Mji Mkongwe wa Zanzibar na katikati ya jiji la Dar es Salaam. Mtende ni mti unaohusishwa zaidi na Uarabuni na pwani kuliko na nchi ya Unyamwezi. Hata hivyo, jina lake limekaa bara, katika mji uliokuwa njia panda ya misafara ya karne ya 19. Misafara iliyotoka Bagamoyo na sehemu nyingine za Mrima ilipumzika Unyanyembe, kisha mingine ikaendelea magharibi hadi Ujiji, na mingine ikaelekea kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Njia hiyo ilipitisha pembe za ndovu, vitambaa na shanga. Ilipitisha watumwa pia. Na pamoja na hayo yote ilipitisha lugha: msafara, mpagazi, kambi, posho na hongo ni maneno yaliyopata uzito wake katika mwendo huo.

Mhadhara huu unahusu uzito wa maneno ya namna hiyo katika uwanja ambao mwanzoni unaonekana kuwa mbali sana na Tabora, yaani uandishi wa programu za kompyuta za taasisi kubwa. Jambo linalochunguzwa ni moja: jinsi programu inavyojipatia muunganisho wa hifadhidata. Vitabu vya fani hiyo viko kwa Kiingereza, na mwalimu anayevifafanua kwa Kiswahili hulazimika kutafuta maneno papo hapo. Mara nyingi husema kuwa programu “inapata” muunganisho, kwamba miunganisho imewekwa katika “dimbwi”, kwamba baada ya kazi muunganisho “unafungwa”, na kwamba usipofungwa “unavuja”. Maneno yote manne ni Kiswahili kizuri. Yote manne, katika muktadha huu, yanapotosha.

Hoja kuu ya mhadhara ni kwamba programu haipati muunganisho, huuazima. Kiswahili kinatofautisha kupata, kukopa na kuazima kwa namna inayoeleza kanuni ya kiufundi waziwazi kuliko majina yanayotumika katika lugha za kompyuta zenyewe. Anayelichagua vema neno hilo hatafuti pambo la lugha. Humpa mwanafunzi kanuni ya kazi ndani ya kitenzi.

2.0 Muunganisho ni Nini?

Kwa msomaji wa isimu ambaye hajapata kuandika programu, ni vyema kuanza na mfano. Nchini Tanzania, taarifa za kawaida za huduma za afya hukusanywa kwa kutumia DHIS2, programu iliyoandikwa kwa lugha ya Java chini ya uratibu wa Chuo Kikuu cha Oslo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miongoni mwa washirika wa muda mrefu wa kazi hiyo. Zanzibar nayo huitumia, na Kenya iliieneza nchi nzima mwaka 2011. Mtumishi wa afya anapoingiza idadi ya watoto waliochanjwa katika mwezi uliopita, huona ukurasa mmoja tu kwenye skrini. Nyuma ya ukurasa huo kuna programu mbili zinazofanya kazi kwa kutegemeana. Ya kwanza ni programu tumizi, inayopokea takwimu na kuzikagua. Ya pili ni mfumo wa hifadhidata, katika mfano huu PostgreSQL, unaozitunza takwimu hizo na kuzitoa zinapohitajika. Programu hizi mbili hazina kumbukumbu moja, na aghalabu hazikai hata katika kompyuta moja. Mazungumzo baina yake hupita katika muunganisho.

Muunganisho, basi, si waya. Ni makubaliano ya muda baina ya pande mbili zinazojuana. Makubaliano hayo hufuata hatua ambazo mzungumzaji wa Kiswahili anaweza kuzifananisha na adabu ya kuingia nyumbani kwa mtu. Kompyuta ya kwanza hupiga hodi. Ya pili hujibu karibu. Ya kwanza huthibitisha kuwa imesikia. Baada ya salamu hizo tatu mgeni hutaja jina lake na neno la siri, na mwenyeji huhakikisha kuwa mgeni huyo anafahamika na kwamba anaruhusiwa kuingia chumba anachokitaka. Ikiwa mazungumzo yanatakiwa yawe ya siri, hufuata hatua nyingine za kukubaliana juu ya ufunguo wa usimbaji. Hapo tu ndipo swali la kwanza linapoweza kuulizwa.

Kwa upande wa mwenyeji, karibu hiyo ina gharama. PostgreSQL huanzisha mchakato kamili wa mfumo endeshi kwa kila muunganisho, wenye kumbukumbu yake wenyewe. Kwa sababu hiyo huweka kikomo cha idadi: isipoelekezwa vinginevyo, miunganisho isizidi 100 kwa wakati mmoja. MySQL hutumia utaratibu mwepesi zaidi, lakini nayo ina kikomo chake, ambacho kwa kawaida ni 151. Muunganisho si hewa ambayo kila mtu huvuta atakavyo. Ni kitu chenye hesabu.

3.0 Gharama ya Kufungua Njia

Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, mahali ambapo leo ni Tabora, tarehe 7 Novemba 1857. Ilikuwa siku ya 134 tangu waondoke pwani. Sehemu kubwa ya muda huo haikutumika kutembea. Ilitumika kutafuta wapagazi, kufungasha na kufungua mizigo, kungoja ruhusa, na kujadiliana na watawala ambao nchi zao zilipitiwa na njia. Malipo waliyotozwa wapitaji yaliitwa hongo. Katika Kiswahili cha leo neno hilo limebaki na maana ya rushwa, lakini katika muktadha wa misafara lilikuwa na maana ya ada ya kupita, na kila msafara uliyapanga malipo hayo katika hesabu zake.

Dhana ya hongo kwa maana yake ya zamani inasaidia kueleza kwa nini kufungua muunganisho mpya ni ghali kuliko kuutumia. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Reli kutoka Dar es Salaam hadi Tabora ina urefu wa kilomita 840 hivi. Hata kama waya ungeifuata reli hiyo bila kupinda, kwenda na kurudi kungechukua zaidi ya milisekunde 8. Hodi na karibu ni safari moja ya namna hiyo. Jina na neno la siri ni safari nyingine, na usimbaji huongeza nyingine tena. Swali lenyewe, kwa mfano kutafuta kituo kimoja cha afya kwa namba yake, linaweza kujibiwa na hifadhidata kwa muda usiofika milisekunde moja. Atakayefungua muunganisho mpya kwa kila swali atakuwa kama mfanyabiashara anayelipa hongo ya njia nzima ili kupeleka ushanga mmoja.

Ni kweli kwamba mara nyingi programu tumizi na hifadhidata huwekwa katika jengo moja, na hapo umbali hautishi. Lakini kuanzisha mchakato, kukagua neno la siri na kuandaa kumbukumbu hubaki palepale, na gharama hiyo hurudiwa kwa kila ombi. Watumiaji wakiwa watatu haionekani. Wakiwa mamia, huwa ndiyo sehemu kubwa ya kazi yote.

4.0 Kutoka Dimbwi hadi Kambi

Lugha ya Java ilipata utaratibu wake wa kuzungumza na hifadhidata, uitwao JDBC, mwaka 1997. Katika utaratibu wa awali, programu ilimwendea msimamizi wa viendeshi, ikataja anwani, jina na neno la siri, na muunganisho mpya ukafunguliwa. Mwaka 1999 uliongezwa utaratibu mwingine kwa ajili ya programu za taasisi: chanzo cha data. Hapa programu haitaji anwani wala neno la siri. Hutaja jina tu, na seva ya programu tumizi hulitafuta jina hilo katika orodha yake na kutoa chanzo cha data kilichosajiliwa kwa jina hilo. Mambo ya siri hubaki mikononi mwa msimamizi wa mfumo. Chanzo hicho kwa kawaida huwa tayari kimefungua miunganisho kadhaa, nayo hukaa ikingoja kazi.

Mkusanyiko huo wa miunganisho inayongoja ndio ambao kwa Kiingereza huitwa pool, na hapa ndipo tafsiri ya “dimbwi” inapoingia. Kosa lake ni la kietimolojia. Kiingereza kina maneno mawili yanayoandikwa na kutamkwa sawa. Moja ni la kale na maana yake ni maji yaliyotuama. Jingine lilitokana na Kifaransa poule, lililotumika kwa fedha ambazo wachezaji huweka pamoja katikati ya meza, na kutokana na hilo ikapatikana maana ya mali ya pamoja inayotumiwa kwa zamu. Miunganisho huhusika na neno hili la pili. Mtafsiri anayeandika dimbwi ametafsiri neno lisilokuwapo.

Neno akiba limependekezwa mara nyingine katika madarasa, nalo ni bora kuliko dimbwi. Hata hivyo, akiba huwekwa ili itumike, na ikishatumika imekwisha. Muunganisho hauishi kwa kutumika. Huenda, hufanya kazi, hurudi, na huenda tena kwa ajili ya mwingine. Mahali wanapokaa wale wanaokwenda na kurudi pana jina katika Kiswahili, nalo ni kambi.

Unyanyembe palikuwa mahali pa namna hiyo. Wapagazi wengi waliotoka pwani mkataba wao uliishia hapo. Msafara uliotaka kuendelea uliajiri wengine. Wanyamwezi walikuwa wameifanya kazi ya upagazi kuwa taaluma, wenye masharti yao ya mzigo, mwendo na malipo, na kwa kawaida mzigo wa mtu mmoja ulikuwa frasila mbili hivi, yaani kama kilo 32. Mfanyabiashara hakuhitaji kuanza upya tangu Mrima kila alipotaka kusafirisha pembe. Alikwenda mahali ambapo watu wenye uzoefu walikuwapo.

Ulinganisho huu una mpaka, na mpaka huo lazima utajwe. Wapagazi walikuwa watu. Walijadiliana, waligoma, waliacha msafara walipodhulumiwa, na walirudi mashambani mvua ziliponyesha. Tena katika njia hiyohiyo walipita watu ambao hawakuulizwa chochote. Istilahi ya kambi inachukua mpangilio wa kazi tu: kungoja, kwenda na kurudi. Haimaanishi kuwa binadamu ni chombo.

Katika kambi, programu haikabidhiwi muunganisho wenyewe. Hukabidhiwa wakala wake, yaani kitu kidogo chenye sura ya muunganisho kinachopitisha maombi kwa muunganisho halisi ulio nyuma yake. Kiswahili kina neno linalokaribia sana dhana hii. Kibarua, kabla ya kuwa mfanyakazi wa kutwa, kilikuwa barua ndogo: kipande cha karatasi alichopewa mtu aliyeajiriwa kwa siku. Kutoka karatasi maana ikahamia kwa mwenye karatasi. Kinachokabidhiwa na kambi ni kibarua kwa maana ile ya kwanza: hati ya muda, inayomruhusu mwenye nayo kutumia kisicho chake, na inayokoma kuwa na nguvu kazi ikiisha.

5.0 Kuazima si Kukopa, wala si Kupata

Ndipo hoja kuu ya mhadhara inapofikiwa. Katika Java, ombi la muunganisho huandikwa getConnection, yaani “pata muunganisho”. Kupata hakuna deni. Mtu hupata mali, hupata mtoto, hupata kazi, na hakuna anayemuuliza atakirudisha lini alichokipata. Mwanafunzi anayefundishwa kuwa programu “inapata muunganisho” ameambiwa nusu ya jambo, na nusu iliyoachwa ndiyo yenye hatari.

Kukopa kuna deni, lakini deni la namna nyingine. Anayekopa fedha hurudisha thamani, wala si noti zilezile. Anayekopa kibaba cha unga hurudisha unga mwingine. Methali ya kukopa harusi kulipa matanga inazungumzia malipo. Kuazima ni tofauti. Anayeazima jembe hurudisha jembe lilelile, na mwenye jembe hana la kulimia mpaka lirudi. Kitenzi hiki hutumika pande zote mbili: mtu huazima kitabu kwa jirani, na jirani humwazima mtu kitabu. Ndani ya kitenzi kimoja wamo watu wawili na wajibu mmoja. Ni kweli kwamba katika mazungumzo ya mijini leo watu husema “niazime elfu kumi”, na mpaka baina ya vitenzi hivi unafifia. Lakini hakuna asemaye kuwa amelikopa jembe la jirani kwa siku moja. Panapohusika kitu chenyewe, mpaka bado upo.

Muunganisho wa kambini ni jembe. Ulio mikononi mwa ombi moja hauwezi kutumiwa na ombi jingine. Na hapa neno la pili la Java, close, huongeza utata. Tafsiri yake ni “funga”. Mwanafunzi makini, aliyekwisha kufahamu kuwa kufungua muunganisho ni ghali, hufikiri kwa mantiki kabisa kuwa kuufunga ni ubadhirifu. Hivyo huacha kuufunga, akidhani anaokoa gharama. Kumbe amri hiyo ikitolewa kwa kibarua cha kambi haifungi kitu. Muunganisho halisi hubaki wazi na kurudi kambini. Ni kibarua tu kinachobatilishwa. Laiti amri hiyo ingeitwa “rudisha”, kosa hilo lisingekuwa na mahali pa kuotea.

Athari ya kosa hilo inaweza kukadiriwa kwa hesabu rahisi. Chukua kambi yenye miunganisho 10, idadi ambayo HikariCP, programu ya kambi inayotumika sana katika Java, huiweka kama kikomo isipoelekezwa vinginevyo. Chukua pia kwamba katika kila maombi 100 kuna moja linalokumbana na hitilafu, kwa mfano namba iliyoandikwa kwa herufi, na kwamba njia ya hitilafu haina amri ya kurudisha. Ombi la 100 linaondoka na muunganisho mmoja. La 200 linaondoka na wa pili. Baada ya maombi 1,000 kambi ni tupu. Hakuna kilichoharibika: hifadhidata ni nzima, mtandao ni mzima, takwimu ziko salama. Hata hivyo kila mtumiaji anaona ukurasa usiofunguka. Msimamizi huizima seva na kuiwasha tena, kambi inajaa upya, watu wanashukuru, na hesabu inaanza tena kutoka moja.

Kosa la aina hii halijitokezi katika majaribio, kwa kuwa mwandishi wa programu akiwa peke yake hafikishi maombi 1,000 yenye hitilafu za kweli. Hujitokeza siku za mwanzo wa mwezi, wakati vituo vingi vinapotakiwa kuingiza taarifa kwa pamoja. Takwimu isiyoingia kwa wakati haihesabiwi katika maamuzi ya wakati huo, na miongoni mwa maamuzi hayo ni dawa kiasi gani zipelekwe wapi. Neno lililochaguliwa vibaya darasani linaweza kuwa na mwisho wake katika zahanati.

Hitilafu hii kwa Kiingereza hupewa jina lenye taswira ya maji yanayovuja, na wanafunzi husema “miunganisho inavuja”. Taswira hiyo nayo haisaidii. Kilichovuja kimepotea na hakuna aliyenacho. Muunganisho usiorudishwa haujapotea. Unashikiliwa na sehemu ya programu iliyokwisha kuusahau. Kiswahili husema kuhodhi: kushikilia peke yako kile ambacho wengine wanakihitaji. Neno hilo humwelekeza mtafiti wa kosa mahali sahihi. Hatafuti tundu, humtafuta aliyeshika.

Tangu Java 7 ya mwaka 2011, lugha yenyewe ina muundo unaohakikisha kuwa kilichoazimwa mwanzoni mwa fungu la amri hurudishwa mwishoni mwake, hata kama programu itajikwaa katikati. Ni sheria ya adabu iliyogeuzwa kuwa sheria ya sarufi. Adabu hiyo ina sehemu nyingine. Chungu cha jirani hurudishwa kimeoshwa. Ombi lililoanzisha muamala katika muunganisho likaurudisha bila kuuthibitisha wala kuutangua linaweza kumwachia anayefuata mabaki ya kazi isiyo yake. Kambi nyingi huosha zenyewe kwa kutangua muamala uliobaki, lakini mwazimaji mwema hategemei kuoshewa.

6.0 Kungoja

Kambi ikiwa tupu, ombi jipya hungoja. Mfano maarufu wa kungoja katika historia ya Tabora ni wa David Livingstone. Henry Stanley alipoondoka Unyanyembe kuelekea pwani tarehe 14 Machi 1872, alimwacha Livingstone Kwihara, karibu na mji, katika tembe ambalo leo ni makumbusho. Livingstone alikuwa na bidhaa; alichokosa ni watu wa kuzibeba. Alingoja mpaka wapagazi walioajiriwa na Stanley pwani walipofika mwezi wa Agosti, na akaondoka tarehe 25 ya mwezi huo. Ilikuwa zaidi ya miezi mitano. Hakuwa na njia ya kujua kama wangefika, wala siku ambayo baada yake ingekuwa busara kuacha kungoja.

Kambi ya miunganisho hulitatua tatizo hilo la pili kwa kuweka muda wa ukomo. HikariCP hungoja sekunde 30; muunganisho usipopatikana, ombi huarifiwa waziwazi kuwa limekosa. Habari hiyo mbaya ina manufaa. Mtumiaji anajua ajaribu baadaye, na msimamizi anapata ushahidi kuwa kambi imezidiwa au kuna anayehodhi. Muunganisho wenyewe nao huwekewa umri, kwa kawaida dakika 30, na baada ya hapo hustaafishwa na mahali pake kufunguliwa mwingine, ili usije ukadhaniwa u hai ilhali upande wa pili umekwisha kukatika.

Mtu akiona kambi tupu, fikira ya kwanza ni kuikuza. DHIS2, kwa mfano, humruhusu msimamizi kupanga ukubwa wa juu wa kambi katika faili la usanidi, na kiwango chake cha kawaida ni miunganisho 80. Lakini ukubwa unaofaa hutokana na vitu viwili: maombi mangapi huja kwa sekunde, na kila ombi hushika muunganisho kwa muda gani. Maombi 200 kwa sekunde, kila moja likishika kwa milisekunde 20, huhitaji wastani wa miunganisho minne tu. Maombi hayohayo yakishika kwa sekunde mbili huhitaji 400, nayo ni mara nne ya kikomo cha kawaida cha PostgreSQL. Tofauti baina ya nne na 400 haikuletwa na wingi wa watu. Ililetwa na muda wa kushika. Programu inayoazima muunganisho, kisha ikaenda kutengeneza ripoti ndefu au kutuma barua pepe kabla ya kuurudisha, imechukua jembe la jirani na kwenda nalo sokoni. Kanuni ni kuazima kwa kuchelewa na kurudisha mapema.

7.0 Mapendekezo ya Istilahi

Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ambayo mwaka 2009 iliingizwa katika Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zimefanya kazi kubwa ya kuunda istilahi za sayansi na teknolojia. Mradi wa Kilinux wa chuo hichohicho ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004 na kuonyesha kuwa programu nzima inaweza kuzungumza na mtumiaji kwa Kiswahili. Kazi iliyobaki zaidi ni ya upande wa pili wa skrini, yaani lugha ya anayeiandika programu. Kwa eneo dogo lililochunguzwa hapa, maneno yafuatayo yanastahili kufikiriwa:

(a) kambi ya miunganisho, badala ya dimbwi au akiba;
(b) kuazima muunganisho, badala ya kuupata, pale unapotoka kambini;
(c) kurudisha muunganisho, badala ya kuufunga, huku kufunga kukibaki kwa tendo la kuukata kabisa;
(d) kuhodhi muunganisho, badala ya kuvuja;
(e) kibarua, kwa wakala anayekabidhiwa ombi badala ya muunganisho halisi.

Pendekezo la mwisho ndilo lenye mashaka zaidi, kwa kuwa maana ya mfanyakazi wa kutwa imetawala na inaweza kuleta utani darasani. Pendekezo la tatu ndilo lenye faida kubwa zaidi, kwa kuwa linatenganisha matendo mawili ambayo lugha ya Java imeyapa jina moja. Kufunga njia na kurudisha chombo si jambo moja, na Kiswahili hakina sababu ya kurithi mkanganyiko huo.

8.0 Hitimisho

Mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali nchini Tanzania hujifunza kwa Kiswahili, kisha kuanzia sekondari hujifunza kwa Kiingereza. Anapofika kwenye programu za taasisi, kanuni nyingi humfikia kama majina ya kukariri. Mhadhara huu umeonyesha kuwa walau kanuni moja kati ya hizo alikwisha kuifahamu kabla ya kuingia darasa la kwanza, siku alipotumwa kwa jirani kuazima chungu na akaambiwa asichelewe kukirudisha.

Istilahi nzuri si ile inayofanana na neno la kigeni kwa umbo. Ni ile inayomkumbusha mtumiaji wajibu wake hata pale kitabu kinapoufumbia. Kati ya Bagamoyo na Ujiji yalipita maneno mengi ambayo leo hayana mzigo wa kubeba. Baadhi yake, kama mkazi yeyote wa Mtendeni anavyoweza kuthibitisha kwa jina la kata yake, yakifika mahali huota mizizi. Haya ya kambi, kuazima na kurudisha yapo tayari. Kilichobaki ni kuyapa kazi.